Mangweni, Msikitini, Kanisani: Mkutano Wetu Ufanyike Wapi?



Twaulizwa mara kwa mara kama Chama chetu kina dini. Jawabu ni fupi: hakina. Katika daftari la tawi letu la Ziwa la Ng'ombe hakuna nafasi ya kuandika dini ya mwanachama, na hatutaki iwepo. Lakini nyuma ya swali hilo pana swali jingine zito zaidi, nalo limezuka tena mwezi huu. Mbona wanachama wengi wanaoswali, na wengi waliookoka, hawaonekani katika mikutano ya jioni ya vikosi vya kazi? Wako wasemao kuwa ni wavivu. Wako wasemao kuwa wajiona bora kuliko wenzao. Sisi twasema sababu ni mahali. Mikutano hiyo hufanyika mangweni, na mtu ambaye imani yake yamkataza kukaa penye ulevi hawezi kuja. Na akija, husimama mlangoni kama mdai, akasikiliza nusu ya maneno, kisha akaenda zake.

Jambo hili si la adabu tu. Ni la kazi na la unga wa watoto, kama tutakavyoonyesha.

Asiyejua kwetu na ajue hivi. Ziwa la Ng'ombe ni mtaa wa bara, upande wa kaskazini wa kisiwa cha Mombasa, karibu na Bombolulu na soko la Kongowea. Tangu uchaguzi wa 2013 twahesabiwa katika jimbo la Nyali, ingawa wazee bado husema twakaa Kisauni, na hawakosei sana. Si mbali na Kengeleni, palipopata jina kwa kengele ya Freretown, kituo walichokianzisha wamisionari wa CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Nyumba zetu zimebanana. Ukisimama mahali pamoja wasikia adhana, na spika ya kanisa la mabati, na kelele za mangweni, yote kwa sikio moja. Mwenye nyumba huswali, mpangaji wa chumba cha pili huimba kwaya, wa chumba cha tatu hurudi usiku akishika ukuta, na wote watatu hutoka pamoja alfajiri kwenda kutafuta kibarua.

Kwa hivyo hatuzungumzi habari za mbali. Nasi tumeona jambo moja ambalo kila mwenye kibanda cha sigara alijua kabla yetu. Mwezi wa Ramadhani ukiandama, mtu aliyekuwa akivuta sigara moja baada ya nyingine kutwa nzima huziweka chini tangu alfajiri hata magharibi, yaani saa 13 na ushei, katika jua lile lile na mizigo ile ile. Hapana polisi anayemlinda. Hapana faini. Jioni ikilia adhana, wengine huwasha hata kabla ya kumaliza tende, na hapo twacheka pamoja nao. Lakini zile saa 13 zilikuwa za kweli. Na Wakatoliki nao, wako wanaoiacha bia siku zote za Kwaresima, kisha wakairudia baada ya Pasaka.

Basi mtu huyu asiambiwe kuwa hana nguvu ya kuacha. Nguvu anayo. Swali ni kitu gani kinachompa nguvu mwezi huo na kumnyima miezi kumi na mmoja. Wengine watajibu kuwa ni hofu ya Mungu, nasi hatubishani nao, maana hayo ni mambo ya mtu na Mola wake. Lakini pia tazameni mambo yaliyo wazi kwa macho: mwezi huo wenzake wote wamefunga, hakuna amwambiaye "shika moja," na jioni ana mahali pa kwenda na watu wa kukaa nao. Amepewa saa, amepewa watu, na amepewa udhuru ambao hakuna anayeukasirikia. Shawwal ikiingia, vitatu hivyo huondoka pamoja.

Wataalamu waliochunguza mambo haya katika nchi nyingi wameona kuwa wanaohudhuria ibada mara kwa mara, kwa jumla, huvuta na kunywa kidogo kuliko wasiohudhuria. Twaamini. Lakini hesabu hiyo yataka kusomwa pande mbili, kwa sababu mlevi naye huacha kwenda msikitini au kanisani kwa haya, na hakuna amfuataye. Huhesabiwa kuwa si mtu wa dini, kumbe alifukuzwa na macho ya watu.

Katika mafundisho yenyewe hatutakaa sana, kwani wako masheikhe na wachungaji wanaoyajua kutupita. Waislamu wajua kuwa katazo la ulevi lilishuka kwa hatua: kwanza watu waliambiwa kuwa madhara yake yapita manufaa, kisha wasiikaribie swala wakiwa wamelewa, na mwisho katazo kamili. Hebu fikirini ile hatua ya katikati. Mtu mwenye swala tano kwa siku, ambaye haruhusiwi kuswali akiwa amelewa, atakunywa saa ngapi? Kwa Wakristo mambo hayafanani. Wakatoliki na Waanglikana hutumia divai madhabahuni, na hawakatazi bia ya kiasi, ingawa Wakatoliki wanao wale waitwao Pioneers, chama cha wasiokunywa kabisa kilichoanzia Dublin mwaka 1898. Wasabato na Jeshi la Wokovu hukataza pombe na tumbaku pia. Walokole, ambao uamsho wao ulitoka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 ukaenea Kenya, huhesabu kuacha chupa na sigara kuwa dalili ya kwanza ya wokovu.

Tumbaku ndiyo iliyowapa wanazuoni taabu. Ilitoka Amerika baada ya 1492, kwa hivyo vitabu vya zamani haviitaji. Waibadhi wa Oman waliishikia ukali. Huku pwani wengi waliiona makuruhi tu, na wazee wetu wakaendelea na ugoro na tambuu yenye tumbaku bila wasiwasi. Siku hizi, kwa kuwa madhara yamejulikana, masheikhe wengi huiita haramu. Na yafaa kusema wazi kuwa tambuu na tumbaku ya kutafuna huleta saratani ya kinywa. Asidhani mtu kuwa kwa kuacha moshi amekwisha kuokoka.

Wala msifikiri kuwa dini zote huikimbia pombe. Kwa Wamijikenda, ambao ni sehemu kubwa ya tawi letu, mnazi humiminwa chini kwa ajili ya koma, na kwenye vigango vya waliotangulia. Mahari hayatimii bila kadzama ya mnazi. Mzee anayefanya hivyo yuko katika ibada yake, na hatutamruhusu mtu yeyote kumwita mlevi kwa sababu hiyo. Ulevi ni jambo jingine.

Sasa tuje kwenye habari ambayo kwetu ndiyo yenye mafunzo zaidi, nayo haikutoka mbali. Katika miaka ya 1960 mtaalamu mmoja Mwingereza, David Parkin, alikaa na Wagiriama wa upande wa Kaloleni, akachapisha kitabu mwaka 1972 kiitwacho Palms, Wine and Witnesses. Maana yake ni minazi, tembo na mashahidi. Wengi wetu tuna baba na babu waliotoka huko huko, na mnazi unaonywewa hapa mtaani hutoka huko pia.

Alikuta hivi. Nazi kavu zilikuwa zimepata bei, na vijana fulani walikuwa wakinunua minazi na mashamba kutoka kwa jirani zao waliohitaji fedha za matanga na mahari. Vijana hawa walikuwa na shida moja. Kila panapo mkutano, kila panapo msiba, kila panapo shauri la wazee, mnazi hunywewa, na mwenye fedha ndiye anunuaye. Asiyenunua huitwa bahili, na bahili huogopwa na kuchukiwa, hata akaogopa kurogwa au kutiliwa sumu katika kata. Akinunua kila mara, hapati kitu cha kuweka.

Basi baadhi yao waliugua. Mganga akapiga ramli, akasema ugonjwa huu ni wa pepo wa Kiislamu, naye ataka mwenyewe afunge Ramadhani, asile nyama isiyochinjwa kwa sheria, na asiguse mnazi. Mtu akatii, akapona. Tangu siku hiyo, alipopewa kata alisema, "Mimi siwezi, nitarudi kitandani," na wazee wakamwacha, kwani ugonjwa si kosa la mtu. Hakuwa ametukana mila. Hakuwa ameikataa kata ya babu yake kwa kiburi. Alikuwa na udhuru.

Hatusemi kuwa walidanganya. Parkin hakusema hivyo, nasi hatuna haki ya kupima maradhi ya mtu. Twasema dini iliwapa kitu ambacho nia peke yake haikuweza kuwapa, nacho ni njia ya kukataa bila kuvunja undugu. Kila aliyejaribu kuacha pombe katika mtaa wetu atakuambia kuwa kata ya kwanza haimshindi kwa utamu wake. Humshinda kwa mkono unaoinyosha.

Lakini habari hii ina upande wa pili, nao wafanya kazi wasiupite haraka. Waliojiepusha na mnazi ndio walionunua minazi. Waliobaki wakinywa ndio waliouza. Na mnunuzi hakuweza kuwatupa wazee kabisa, kwa sababu shamba halikuwa na karatasi, na ni wazee wale wale waliokuwa mashahidi wake akishitakiwa; kwa hivyo yeye hakunywa lakini aliwanywesha. Hapo ndipo tunapoona kuwa kutokunywa si lazima kuwe wema kwa jirani. Mtu aweza kuwa na akili kavu asubuhi hadi jioni, na akaitumia kumnunua mwenzake aliyelewa.

Tumeikumbuka habari hii kwa sababu katika vibarua vyetu twaona mchezo ule ule, ila mwenye kunywesha amebadilika. Hatutaji mtu wala kampuni. Mambo yenyewe huwa hivi. Nyapara ahitaji watu kumi na wawili kesho asubuhi, wa kupakua lori au kumwaga zege. Jioni hukaa mangweni, na huko huko huyataja majina. Aliye karibu naye, aliyemwagizia mbili tatu, hutajwa kwanza. Aliyekwenda kuswali magharibi, au aliyekuwa katika maombi, huja asubuhi akaambiwa watu wametimia. Wiki nzima hupita hivyo. Mkewe humwuliza kama kweli alikwenda kazini.

Na yule aliyepata siku? Msidhani amefaidi. Mtu akifanya kazi siku tano, na kila jioni akanunua cha kumtuliza nyapara na chake mwenyewe ili asionekane kumcheka, ahesabu usiku amefanya siku ngapi kwa ajili ya watoto wake. Hiyo ni kodi, isipokuwa haina risiti. Wako wanaokunywa wasiotaka kunywa. Wameingia ulevini kwa mlango wa kazi. Tumemwona kijana aliyetoka bara hajui ladha ya tembo, na baada ya miaka miwili mkono wake watetema asubuhi asipopata.

Hatukuwa wa kwanza kuonewa hivi. Mjini London zamani, wapakuzi wa makaa ya mawe mtoni waliajiriwa kupitia kwa wenye vilabu vya pombe, na asiyekunywa hakupewa kazi. Bunge likalazimika kuweka sheria mwaka 1843 ili waajiriwe kwenye ofisi yao maalumu. Mwaka 1883 sheria nyingine ya huko ikakataza kulipa mishahara katika vilabu vya pombe. Na ulipokuja mgomo mkubwa wa makuli wa bandari ya London mwaka 1889, aliyesaidia kuwapatanisha na matajiri alikuwa Kadinali Manning, mzee wa miaka 81, ambaye alikuwa ameanzisha jumuiya ya Wakatoliki wasiokunywa kabisa. Makuli walipata peni 6 kwa saa, kama walivyodai. Wengi wao walikuwa Wairlandi Wakatoliki, na katika hao hawakukosekana wapenda bia. Mzee hakuwauliza hayo kwanza.

Na sisi wenyewe? Mgomo wa Mombasa wa Januari 1947, uliokusanya wafanya kazi kama 15,000, haukutengenezwa katika kilabu. Watu walikutana kwenye uwanja wazi, nao ukapata jina la Kiwanja cha Maskini. Mwislamu alisimama pale na Mkristo alisimama pale, mnywaji na asiyekunywa, kwa sababu uwanja hauna mwenyewe wa kuuza kitu.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 17, yakataza mshahara kulipwa mahali panapouzwa vileo, isipokuwa kwa wale wanaofanya kazi mahali hapo. Sheria ni nzuri, lakini imepitwa na simu. Siku hizi ujira huingia mfukoni kwa M-Pesa, na Jumamosi jioni mfuko huo uko wapi? Nyapara abonyeza simu akiwa kwenye benchi la mangweni, na mpokeaji yuko benchi la pili. Kwa karatasi hakuna sheria iliyovunjwa. Kwa macho yetu, mshahara umelipwa kilabuni. Twamtaka Katibu wetu alichukue neno hili kwenye ofisi kuu: vibarua walipwe mahali pa kazi, saa za kazi, hata kama ni kwa simu, na majina ya kesho yaandikwe hapo hapo kabla watu hawajatawanyika.

Hapa twaomba ruhusa ya kusema na wanachama wetu wanaoswali na waliookoka, kwani hadi sasa tumewatetea. Wenzenu wana malalamiko juu yenu, na mengine ni ya haki.

Kifungu cha 44 cha sheria ile ile chamruhusu mwajiri kumfukuza papo hapo mtu aliyelewa saa za kazi hata hawezi kufanya kazi yake vizuri. Lakini kifungu cha 41 chasema kabla ya kumfukuza ni lazima amweleze sababu, kwa lugha anayoifahamu, na mfanya kazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa Chama pale pale, na wote wawili wasikilizwe. Tumeona mtu akiitwa ofisini kwa kosa hilo, akatafuta mwenzake wa kusimama naye, na watu wa ibada wakageuza nyuso wakisema amejitakia. Ndugu zetu, hamwitwi kushuhudia kuwa pombe ni halali. Mwaitwa kushuhudia kuwa sheria imefuatwa. Mwajiri akizoea kumfukuza mlevi bila kumsikiliza, keshokutwa atamfukuza anayeomba dakika kumi za swala ya adhuhuri bila kumsikiliza, na hapo mtamwita nani?

Pia kuna wenzetu wanaokula kwa kazi zenye kileo. Hoteli za Nyali na Bamburi zimeajiri Waislamu wengi jikoni, mapokezini na mezani. Kijana abeba sinia ya bia ya wageni, kisha usiku mtaani ahesabiwa kuwa amekula haramu. Mpakiaji abeba kreti za bia kwenye lori, kwa kuwa ndizo zilizokuwako siku hiyo. Wako wanazuoni wakali juu ya jambo hili na wako waonao udhuru wa shida, na hilo ni lao. Sisi twajua kuwa kifungu cha 5 cha sheria yakataza mwajiri kumbagua mtu kwa dini yake, kwa hivyo anayetaka kuhamishwa kutoka baa kwenda jikoni, tutaandika barua pamoja naye, na tumekwisha kuandika kadhaa. Nyingine zilijibiwa. Lakini anayebaki baa kwa sababu ya karo ya watoto asitukanwe na mtu ambaye hakumpa kazi nyingine.

Kwa wahubiri na maimamu wa mtaa tuna ombi, si amri. Mlevi akija mlangoni asitajwe kwa jina kwenye spika. Kile kikundi kiitwacho Alcoholics Anonymous, kilichoanza Marekani mwaka 1935 na sasa kiko Kenya pia, kilitoka katika jumuiya ya Kikristo, na msingi wake ni kuwa mtu hatajwi jina. Walevi wenyewe hukutana, hukaa kitako, husikilizana, na kesho hukutana tena. Ni saa na watu, kama Ramadhani.

Juu ya marufuku ya serikali tutasema machache. Sheria ya Tumbaku ya 2007 yakataza kuvuta mahali pa watu wengi na yakataza kuuza sigara moja moja. Nendeni kibanda chochote mkaone zinavyouzwa. Sheria ya Vileo ya 2010 iliweka saa za baa, ikafuta katazo la chang'aa la 1980, kwa matumaini kuwa ikitengenezwa wazi haitaua watu kama wale zaidi ya 100 waliokufa Nairobi Novemba 2000 kwa pombe yenye methanoli. Lakini Mei 2014 watu wakafa tena kwa makumi katika kaunti kadhaa. Shisha ilipigwa marufuku Desemba 2017. Muguka ulipigwa marufuku Mombasa Mei 2024, na siku hazikupita nyingi Mahakama Kuu ya Embu ikalisimamisha katazo. Hatusemi sheria hazina kazi. Twasema tu kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mtawala akisifiwa kwa marufuku huishia kwenye marufuku. Kibarua anayevuta sigara ili apitishe njaa ya mchana hatazuiwa na tangazo. Pafu lake limekwisha kuchoka kwa vumbi la saruji, na mwajiri hajampa hata kitambaa cha puani. Tukidai chakula cha mchana na vifaa vya kujikinga na vumbi, tumefanya zaidi ya mabango kumi.

Limebaki jambo la matanga, ambalo limetuletea maneno makali. Mwanachama akifiwa, Chama hutoa mchango. Katika misiba ya ndugu zetu Wamijikenda, sehemu ya fedha hiyo hununua mnazi wa wazee, kwa mila. Wanachama kadhaa wamesema, "Fedha yangu isinunue pombe, nitatoka katika mfuko." Wengine wakajibu, "Basi na fedha yetu isinunue ubani wenu." Hayo ni maneno ya kuvunja nyumba. Sisi twaona njia ipo. Mchango wa Chama ulipe jeneza au sanda, gari, unga, maharage na chai, na risiti iletwe. Mnazi wa wazee ukusanyiwe sahani ya pembeni na wale watakao, bila kuingia katika daftari. Mfiwa hatakosa heshima yake kwa wazee, na mwenye imani hatakosa amani na Mola wake. Wazee watatu wa Kigiriama tuliowauliza walikubali kabla hatujamaliza kusema. Mmoja alitaka kujua tu kama sahani itakuwa kubwa.

Basi pendekezo letu kwa mkutano mkuu wa tawi ni hili. Mikutano ya vikosi isifanyike tena mangweni wala baa. Isifanyike msikitini wala kanisani pia, kwani huko nako kuna mwanachama atakayesimama mlangoni. Ifanyike uwanjani, chini ya mwembe, na mvua ikinyesha tuombe darasa la shule. Siku iwe Jumanne, maana Ijumaa ni ya Waislamu, Jumamosi ya Wasabato, Jumapili ya makanisa, na Jumatano jioni wengi wako katika maombi. Saa iwe kumi na moja jioni, tumalize kabla ya magharibi. Atakaye kwenda mangweni baadaye njia anaijua, nasi hatutamfuata. Mwakilishi wa kila kikosi aje na orodha ya vibarua walioitwa wiki iliyopita na mahali walipoitiwa, ili tuwe na ushahidi wa kumpelekea mwajiri.

Kura itapigwa kwa mikono. Walio zamu ya usiku waandike "Ndiyo" au "Hapana" kwenye kikaratasi, pamoja na nambari ya kadi, wampe mwakilishi wao kabla ya Alhamisi. Asiyejua kuandika aseme mbele ya mashahidi wawili, mmoja anayekunywa na mmoja asiyekunywa.